Picha ya Mwanahawa na Mumewe

Nyinyi mnaopiga picha za paspoti siku hizi kwa simu, mtu mnamsimamisha ukutani, mnabonyeza, mnasema tayari mama, nawaombeni kwanza mtazame shingo. Picha nyingi nilizorudishiwa mimi zilirudi kwa ajili ya shingo. Macho yamefunguka, mdomo umefungwa, kila kitu sawa, ila mtu kainamisha kichwa kidogo. Watu wetu ukiwatazama usoni huinama, ndiyo adabu waliyofunzwa. Msiwaambie "inua kichwa", watainua kidevu mpaka mwone matundu ya pua. Mwambieni atazame juu ya bega lenu kama anayemsubiri mtu anayemjua. Shingo itanyooka yenyewe.

La pili ni jasho. Aliyetoka juani mpeni kitambaa chenye maji ajifute, akae kivulini kwanza. Msimpake poda akawa kama kachovywa kwenye unga. La tatu, mtu mweusi mbele ya kitambaa cheupe hugeuka kivuli, maana kamera inashughulika na ule weupe na kumsahau yeye. Mrudishieni mwanga usoni. Mzee Kibwana, aliyenifundisha kazi, alitumia mfuniko wa sufuria. Mkewe alikuwa akija studio kuutafuta, wali umekaribia kuiva, anasema, "Baba, leo nitafunika kwa kamera?"

Mimi ni wa darasa la saba, sikusomea picha popote. Nilipiga picha Korogwe, jirani na stendi, na siku za mnada nikienda Handeni na kitambaa changu cha nyuma kimekunjwa kwenye kapu, mpaka macho yalipoanza kunidanganya nikaacha. Nimeombwa niwaandikie ninayoyajua. Sina hakika ni mangapi, na mengine niliyodhani nayajua nimeyatilia shaka uzeeni. Kwa hiyo someni mkijua anayeandika si mwalimu.

Nilikosea sana, msidhani. Alikuja mzee mmoja mfugaji kutoka tambarare za Handeni, wenzake wamemchagua asafiri kwa mambo ya mifugo. Ndewe zake, zile ncha za masikio zilizotobolewa, zilikuwa ndefu, zimejaa shanga. Nikamwambia avue. Akaniuliza kwa upole kabisa, "Nikivua, huko watajua ni mimi?" Nikasema ndivyo wanavyotaka. Akavua, akazikunja ndewe akazipitisha juu ya masikio kama wanavyofanya wakiwa porini, zisinase kwenye miiba. Nikaona amependeza, nikapiga. Picha ikarudi. Tukapiga nyingine ndewe zikiwa chini, akaniambia huyu wa pili si yeye, ni mdogo wake. Mtoto mchanga naye mlazeni kwenye shuka, wala msimfiche mama nyuma ya shuka amshikilie. Nilishafanya hivyo nikatoa picha ya mtoto mwenye mikono minne.

Sasa niwaeleze sheria moja ya Mzee Kibwana, kwa sababu nisipoieleza hamtaelewa yaliyofuata. Zamani picha ilikaa kwenye filamu, na nje ya studio kulikuwa na sanduku la kioo tulikobandika picha nzuri ili wapita njia wazione. Mzee aliwahi kumpiga mwanamke mmoja wa Mnyuzi kwenye ngoma, anacheka, kanga imemponyoka begani. Yule mwanamke akamwomba picha ile asimpe mtu. Mzee hakumpa mtu. Aliibandika kwenye sanduku, kwa kuwa ilikuwa nzuri kuliko zote alizopiga mwaka ule, na kwa mawazo yake sanduku si mtu. Mume akashuka kwenye treni, akapita pale, akaiona. Yule mama alirudishwa kwao kwa msimu mzima wa mahindi. Mzee Kibwana alikwenda mwenyewe Mnyuzi kuomba radhi, na tangu hapo akawa na mkasi juu ya meza. Mteja akisema hii siitaki, Mzee alikata kipande kile cha filamu mbele ya macho yake, akampa mkononi. "Sura ni mali ya mwenyewe," alikuwa akisema. "Sisi tunaazimwa tu."

Nami nikaishika sheria hiyo. Ndiyo iliyonipa kazi vijijini, hasa kwenye harusi za Waislamu wenzangu huko Handeni, maana mwanamke mwenye kamera anaingia ndani kwa wanawake, na wazazi walijua kwangu hakivuji kitu.

Hivyo ndivyo nilivyoitwa kijijini Kwaluguru kwenye harusi ya Mwanahawa, binti wa Mzee Athumani, mkulima wa mahindi na ufuta. Mwanahawa alikuwa fundi cherehani, msichana wa maneno machache ila yakitoka yanakata. Aliyemuoa alikuwa mgeni, fundi wa mitambo ya mkonge aliyeletwa kufunga mashine kwenye shamba moja upande wa Korogwe. Nchi yake sitaitaja, kwa sababu nitawasema watu wa ubalozi wake na wao hawapo hapa kunijibu. Alisilimu akaitwa Idrisa. Kiswahili chake alikiokota karakana, kwa hiyo alijua kutukana bolti kabla hajajua kuamkia wakwe, lakini alijifunza. Aliniamkia shikamoo tangu siku ya kwanza.

Nilipiga picha nyingi na nzuri siku ile. Bwana harusi kashikana mkono na Mzee Athumani wakati wa kuoza. Bibi harusi ndani, kazungukwa na mashangazi. Na moja ya ukoo mzima mbele ya nyumba: Idrisa mwisho wa kulia kati ya wanaume, Mwanahawa mwisho wa kushoto kati ya wanawake, na katikati yao baba, wajomba, mashangazi na mzee mmoja aliyekataa kuweka chini redio yake. Idrisa aliniuliza kwa sauti ya chini kama kutakuwa na ya wawili. Nikamwambia avumilie, si mbele ya baba mkwe. Binti hasimami bega kwa bega na mume baba yake akitazama. Akasema sawa, na wala hakuuliza tena.

Wakakaa Korogwe. Nilikuwa nikiwaona sokoni, yeye mbele na kapu, Mwanahawa hatua chache nyuma akimwelekeza kwa sauti ya chini nyanya zipi asichague. Waliokuwa wakipita wakadhani hawajuani. Mimi niliyekuwa nikitazama watu kwa kazi niliona jinsi Idrisa anavyosimama kila anapoacha kuisikia ile sauti.

Kisha kazi ya kufunga mashine ikakaribia kuisha, na kibali chake cha kuishi kilikuwa kinafuata kazi. Na kwao mama yake alikuwa mgonjwa, hana mwingine. Ikabidi aondoke, na Mwanahawa amfuate. Hapo ndipo yalipoanza ya paspoti na viza.

Paspoti ilichosha lakini ilipatikana. Mwanahawa alizaliwa nyumbani, hana cheti. Kukawa na barua ya mtendaji wa kijiji, kiapo mahakamani, cheti cha kuzaliwa, kisha cha mzazi nacho kikatakiwa. Mzee Athumani alipanda bodaboda kwenda Handeni mara nyingi kuliko alivyokwenda shambani msimu ule. Alipoulizwa ofisini ana uhakika gani kwamba binti huyu ni raia na ni wake, alijibu kwamba alikuwa amesimama nje ya mlango aliposikia sauti yake ya kwanza, na tangu hapo hajaacha kuisikia. Yule ofisa alicheka, akamsaidia. Nasema hivi kwa haki. Watu husema ofisi zote ni mbaya, na ile haikuwa mbaya.

Viza ndiyo iliyotaka picha. Ubalozi ulisema cheti cha ndoa wamekiona, sasa walete picha zinazoonyesha wanavyoishi kama mke na mume. Wakaja kwangu wote wawili, zikiwa zimebaki siku chache Idrisa asafiri. Nikawatolea za harusi. Idrisa alizitazama moja moja, akafika kwenye ile ya ukoo.

"Mama," akaniambia, "hapa nimeoa huyu mzee wa redio."

Tukacheka, lakini ni kweli. Miaka yote ile ya ndoa hakukuwa na picha hata moja ambayo mgeni angeitazama na kusema hawa ni wanandoa. Kwenye simu yake kulikuwa na picha za mashine, na za Mwanahawa kwa mgongo, anashona.

Nikawakalisha. Nikaweka benchi, nikamwambia Mwanahawa asogee. Akasogea kiasi cha kupitisha mkono. Nikamwambia amwegemee mumewe kidogo begani, akaegemea kama mtu anayeegemea ukuta uliopakwa rangi asubuhi. Mimi ni Msambaa na yeye Mzigua, watani, nikamtania kwamba Wazigua huegemea ng'ombe vizuri kuliko mume. Akanijibu kwamba Wasambaa wameegemea mlima maisha yao yote ndiyo maana hawajui kusimama. Alikuwa akicheka, lakini kila nilipoinua kamera cheko lilizimika na shingo ikanyooka. Nilimfundisha hata mimi mwenyewe, nikakaa pale kwenye benchi nikaonyesha bega linavyolegea. Haikusaidia. Zikatoka picha za watu wawili wanaosubiri basi moja, kila mmoja na tiketi yake.

Nikashusha kamera kupumzika. Hapo Mwanahawa akaona uzi wa katani umenasa kwenye ndevu za Idrisa. Akamwambia, kama vile mimi sipo, "Kila siku unaniletea shamba zima nyumbani," akainuka kuuvuta, na uzi ukagoma. Akavuta tena, mtandio ukamtelezea mabegani, nywele zote wazi, yule bwana kamshika kifundo cha mkono akilalamika na kucheka, naye Mwanahawa kafumba jicho moja kwa kukaza. Kidole changu kikabonyeza. Sikuamua kubonyeza, kidole cha kazi hakiulizi.

Nikaitazama kwenye kioo cha kamera. Nimepiga picha maisha yangu yote, na sijui kama nina nyingine ya namna ile. Nikawaonyesha.

"Hii," akasema Idrisa. "Mama, hii ndiyo sisi."

Mwanahawa alikuwa amekwisha kujifunika. Aliitazama kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Kisha akasema, "Ifute, Mama. Kichwa kiko wazi. Itakwenda kutazamwa na wanaume nisiowajua, ikirudi baba ataiona."

Nilijaribu. Nilisema naweza kuikata, nikaacha uso tu. Akasema ikikatwa haitakuwa hiyo. Na alisema kweli, uzuri wake ulikuwa kwenye mkono na nywele na jicho lile lililofumbwa. Nikamgeukia Idrisa, nikitumaini atamwamuru, maana mume ana neno lake. Akatikisa kichwa polepole.

"Kichwa ni chake," akasema.

Nikaifuta mbele ya macho ya Mwanahawa, kama nilivyofundishwa. Zikaenda zile za benchi.

Idrisa akasafiri. Mwanahawa akaitwa Dar es Salaam kwenye mahojiano, akaulizwa na mtu aliyekuwa, kwa maneno yake mwenyewe, mstaarabu, na aliyemkaribisha maji. Alirudi akanihadithia. Aliulizwa nyumbani anamwitaje mumewe, akanyamaza.

"Kwa nini ulinyamaza?" nikamuuliza.

"Simwiti, Mama. Nikimtaka namfuata alipo."

Hakuweza kulisema hilo mbele ya mgeni mwenye kalamu. Akaulizwa jina la mama mkwe, akaona vibaya kulitamka hivihivi, akasema "mama". Mkalimani akafasiri kwamba hajui. Viza ikakataliwa. Waliandika kwamba hawakuridhika kama ndoa hii ni ya kweli.

Nataka niwe wa haki hapa, ingawa inanichoma. Watu wale wanadanganywa kila siku, na mimi nimeshiriki bila kupenda. Mwaka mmoja walikuja kwangu mwanamke na mwanamume wametokea Segera, wamevaa sare, wanataka picha za mapenzi kwa ajili ya safari. Walikumbatiana vizuri mno. Mwanamke aliweka kichwa kifuani, mwanamume akambusu paji la uso, sikuwafundisha lolote. Wakati wa kuandika majina kwenye bahasha yule mwanamume akamgeukia mwenzake akamuuliza, "Wewe hasa unaitwa nani?" Sina hakika, ila nilisikia kwamba safari yao waliipata. Mtu aliyeona picha kama zile, akaletewa za Mwanahawa kwenye benchi, angefikiri nini? Ningekuwa mimi kwenye kile kiti ningekataa pia.

Baadaye kijana mmoja wa duka la kompyuta aliniambia kitu ambacho nyinyi wote mnakijua na mimi sikukijua: picha ikifutwa haiondoki, inakaa kwenye kadi mpaka nyingine ipigwe juu yake. Angeweza kuirudisha. Nilikwenda nyumbani karibu nikikimbia. Lakini kadi ile nilikuwa nimeijaza mahafali ya shule moja ya Handeni, watoto kwa mamia wamevaa majoho. Nikakaa nayo mkononi. Nikajiuliza, ingekuwa bado imo, ningefanya nini? Ningeirudisha bila kumwambia? Ningemwambia, kisha? Mzee Kibwana alinifundisha kukata filamu. Alifariki kabla hajanifundisha la kufanya na kitu kilichokatwa kinachoweza kuunganishwa tena.

Na sijui kama picha ile ingetosha. Huenda wangesema hiyo nayo imepangwa. Huenda ni jina la mama mkwe lililoharibu. Siku nyingine naamini ingetosha, na hizo ndizo siku mbaya.

Waliambiwa wanaweza kuomba upya wakiwa na ushahidi mpya. Lakini ushahidi mpya ulihitaji watu wawili mahali pamoja, na mama yake Idrisa alikuwa amefika hali ya kugeuzwa kitandani. Idrisa hakuweza kumwacha. Alikuwa akipiga simu kila jioni. Mwanahawa aliiegemeza simu kwenye cherehani akawa anashona huku wakiongea. Mwaka ukapita, wa pili ukapita. Mwisho Idrisa hakumpigia yeye, alimpigia Mzee Athumani, kwa heshima, akasema hajui lini na hataki kumfunga mtoto wa watu kwa mume aliye kwenye simu. Akatoa talaka kwa utaratibu, mashahidi wakiwepo. Mzee Athumani aliniambia kwamba katika wakwe zake wote huyo ndiye pekee aliyeagana naye akilia, na kwamba hakujua ni nani kati yao aliyeanza.

Mwanahawa alihamia Segera, akafungua chumba cha ushonaji. Baada ya muda akaposwa na mwanamume wa Mnyuzi, mkulima, mtu mwema, mjane mwenye aibu nyingi. Nilikuwa nimekwisha kuacha kazi, nikaalikwa harusini kama mgeni, nikakaa na wanawake, mikono haijui iende wapi bila kamera. Aliyekuwa akipiga alikuwa kijana wa mjini. Alipanga ukoo mbele ya nyumba vilevile kama desturi, wanaume huku, wanawake huku.

Mwanahawa akatoka kwenye mstari. Akapita mbele ya wajomba, mbele ya mashangazi, akaenda mpaka alipo mume, akamshika mkono. Yule bwana akatazama viatu vyake. Mwanahawa akaweka bega lake kwenye bega la mumewe, likalegea sawasawa, kichwa kikashuka kidogo upande mmoja, bila kosa hata moja.

"Piga," akamwambia yule kijana.

Nikamtazama Mzee Athumani. Aligeuza uso akatazama mahindi. Lakini hakuondoka mahali pake, na kijana alipoomba ya pili alikuwa bado amesimama palepale, anatazama mahindi.

Baada ya chakula Mwanahawa alikuja kunisalimia, akakaa nami mkekani. Huenda haikuwa siku ya kuuliza, nami huwa sijui siku ya kuuliza ni ipi. Nikamuuliza kama nilitakiwa kuificha ile picha, siku ile ya uzi wa katani, nisimsikilize.

Alifikiri. Alikuwa na hina mpya mikononi, akawa anaitazama.

"Ungeificha ningekuchukia," akasema. "Ulivyoifuta nikakuchukia vilevile. Siku hizi ni kidogo tu."

Tukawasikiliza wanawake wakiimba upande wa pili, mpaka akanigusa gotini.

"Sogea basi, Mama. Umeikalia kanga yangu."